Mandari: matembezi ya kwenda na kurudi

Mandari ni matembezi ya kujifurahisha ambayo watu, aghalabu kwa kundi, huyafanya nje ya makazi yao na kurudi siku ileile. Wanaokwenda mandari hubeba mkeka, sufuria ya pilau na birika la chai, wakatafuta kivuli ufukweni au shambani, wakala, wakapiga soga na kupunga upepo. Neno lenyewe ni la pwani. Kwa sauti na maana liko jirani mno na mandhari, lililotoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama, hata anayelikuta gazetini huweza kudhani mhariri kasahau herufi h. Safari nalo lina asili ya Kiarabu, ila safari ina mizigo, shughuli na malazi ya njiani.

Desturi ya kutoka mjini kwenda kupumzika ilipata fahari Zanzibar katika karne ya 19. Sultani Seyyid Said alijenga hamamu za Kidichi mwaka 1850 katikati ya mashamba ya karafuu, na Sultani Seyyid Barghash akajenga kasri la Maruhubi mwanzoni mwa miaka ya 1880.

Ng'ambo ya bahari, katika sehemu ya nchi ya Wazaramo ambayo leo ni Kibaha na Kisarawe, mambo yalikuwa mengine. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilivuka Mto Ruvu siku za mwanzo tu za mwendo wa miezi, na hakuna mpagazi aliyeita kazi ile matembezi. Kilichobadili hali ni reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, kwa kupitia Pugu, Soga na Ruvu. Vilima vya Pugu, ambavyo kwa mtu wa miguu vilimchukua kutwa nzima, vikawa mahali pa kwenda na kurudi. Mandari hupimwa kwa jua. Chombo kikienda kasi, mipaka yake husogea mbali.

Leo wakazi wa Dar es Salaam huenda Pugu na Kazimzumbwi kutembea msituni, kukaa kando ya bwawa la Minaki, au kuingia kwenye mapango yaliyochimbwa kutafuta udongo wa kaolini, ambayo sasa ni makao ya popo. Wengi huyaita matembezi hayo pikiniki, ingawa mandari lingewatosha kabisa. Vihingo, kata ya Kisarawe isiyovuma kwa watalii, haina mapango ya kuonyesha. Mtu wa mjini aendaye vijiji vya namna hiyo kwa ndugu msimu wa maembe husema tu kwamba anakwenda shamba.

Tangu Juni 2024 treni ya umeme hubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na Pugu, Soga na Ruvu zina vituo vyake. Hata Morogoro sasa ni mwendo wa kwenda asubuhi na kurudi jioni.