Uongozaji wa Filamu: Ufundi, Waigizaji na Uhuru

Uongozaji wa filamu ni kazi ya kuamua: kamera isimame wapi, mwigizaji aseme nini, sini ipi itupwe. Nchini Tanzania kazi hii imefanywa kwa njia mbili zinazotofautiana sana.

Ya kwanza ni ya Bongo Movie, iliyoshamiri miaka ya 2000. Filamu ilirekodiwa kwa siku chache, skripti ikiwa muhtasari tu, na waigizaji wakayabuni mazungumzo palepale lokesheni. Mara nyingi nyota ndiye aliyeongoza. Steven Kanumba, aliyetokea kundi la maigizo la Kaole na kufariki mwaka 2012, aliigiza na kuongoza pia. Njia hii hubezwa kupita kiasi, ilhali ndiyo iliyowafanya Watanzania wanunue hadithi zao wenyewe. Kasoro yake inajulikana: maongezi marefu sebuleni, kwa sababu anayebuni maneno papo hapo hajui akomee wapi.

Ya pili huanzia kwenye maandishi, na mfano wake mzuri ni mwongozaji Amil Shivji. Alianza na filamu fupi, Shoeshine (2013) na Samaki Mchangani (2014), kisha akatoa T-Junction (2017). Vuta N'Kuvute (2021) imetokana na riwaya ya Adam Shafi kuhusu Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin, binti wa Kihindi anayeikimbia ndoa aliyopangiwa, na Denge, mpigania uhuru. Ilioneshwa katika tamasha la Toronto, kisha Tanzania ikaiwasilisha kuwania Oscar, mara ya kwanza tangu filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Riwaya nene imefupishwa kuwa filamu isiyofika dakika 100, na ufundi umo humo kwenye kukata. Siasa hazihubiriwi, zimebebwa na mapenzi ya watu wawili.

Kwa waigizaji, tazama nafasi ya Mwajuma, rafiki wa Yasmin. Amepewa Siti Amina, mwimbaji wa taarabu wa Siti and the Band. Akisimama kuimba, mtazamaji haoni mtu aliyefundishwa kushika maikrofoni wiki iliyopita. Mwongozaji akichagua hivyo, nusu ya kazi ya kuelekeza imekwisha kabla kamera haijawashwa.

Uhuru una mipaka ya kisheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya 1976, inataka kibali kabla ya kurekodi na ukaguzi kabla ya kuonesha. Kenya ilitoa mfano mkali zaidi mwaka 2018: mwongozaji Wanuri Kahiu alitakiwa abadili mwisho wa filamu yake Rafiki, akakataa, filamu ikapigwa marufuku. Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku saba tu, na watu wakajaza kumbi. Uamuzi wa mwisho wa hadithi ukitoka mikononi mwa mwongozaji, sioni amebakiwa na nini cha kuongoza.

Kwa anayetaka kuyajaribu haya yote, mkoani Singida hadithi ipo tayari. Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu, anasimuliwa kuwa aliwapiga Wajerumani kwa kuwatumia nyuki. Uwanja wa mpira mjini Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, leo una jina lake. Kuitengenezea filamu hadithi hiyo kungejaribu kila kilichotajwa hapo juu. Nyuki wa kompyuta ni ghali, na wakitengenezwa vibaya watachekesha; mvumo wao gizani na nyuso za askari wanaogeuka huku na huku zingetosha. Upepo wa uwanda ule huingia kwenye maikrofoni, hivyo mazungumzo yarekodiwe asubuhi na mapema, au nyuma ya miamba inayouzunguka mji. Waigizaji wasemeshwe Kinyaturu, tafsiri ya Kiswahili iwekwe chini ya picha; Liti anayezungumza Kiswahili cha Kariakoo hataaminika hata Ikungi, huko huko Singida.

Anayeitaka kazi hii aanze na wazee wa Unyaturu wakiwa wangali hai, aandike skripti kamili, ndipo aombe kibali na kukodi kamera.