Silanga na Hesabu ya Watu wa Kibera

Silanga, neno ambalo maana yake ni bwawa, ni kijiji kilichoko upande wa mashariki wa Kibera jijini Nairobi, bondeni kuelekea Bwawa la Nairobi, katika ardhi ambamo serikali ya kikoloni iliwapa makazi askari wa Kinubi wa jeshi la Keya tangu mwaka 1904, nao wakaiita Kibra, yaani msitu. Msitu umetoweka, na nyumba za udongo na mabati zimesongamana mahali pake.

Kwa miaka mingi ilinenwa, hata vitabuni, kwamba wakazi wa Kibera ni laki saba, na wengine wakasema milioni nzima, ijapokuwa hakuna aliyebisha hodi katika milango yote hiyo. Sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2009, iliyomhesabu kila mtu pale alipolala, ikapata watu 170,070. Katika miaka hiyo hiyo mradi wa Mtaliano Stefano Marras ulipita nyumba kwa nyumba katika kijiji cha Kianda, ukapata watu 15,219, na kwa kipimo hicho ukaikadiria Kibera yote kuwa na watu baina ya 235,000 na 270,000. Nauheshimu sana mradi huo kwa subira yake. Walakini Kianda iko magharibi, na kijiji kimoja hakitoshi kuvisemea vijiji kumi na vitatu.

Kosa la kuwasemea wote kwa wachache wasiowawakilisha lina historia ndefu. Mwaka 1936 jarida la Marekani, Literary Digest, lilipeleka karatasi za kura ya maoni milioni kumi kwa watu ambao majina yao aghalabu yalitoka katika orodha za simu na za wenye magari, zikarudi milioni mbili na ushei, likatangaza kuwa Landon atashinda uchaguzi wa rais; mpinzani wake Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48.

Kadhalika, mtu akiingia Silanga saa nne za asubuhi na daftari lake, akiuliza habari za kazi, atamkuta mama akikaanga omena, muuza maji kando ya mitungi yake ya manjano, na vijana waliokosa kibarua siku hiyo, naye ataandika kwamba walio wengi hawana ajira, ilhali fundi wa mjengo na mfanyakazi wa kiwandani walikwisha kuondoka alfajiri kwa miguu. Hao hurejea jua likitua, wakiandama reli kisha wakiteremka bondeni, na daftari limekwisha kufungwa.