Kutoka Mpingo hadi Mwarobaini: Tarehe ya Wachongaji wa Wamunyu

Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, Mkamba mwenye tezo alichonga vyombo vya nyumbani: mipini, vijiko, mizinga ya nyuki, na vigoda vya miguu mitatu vilivyotiwa nakshi ya nyaya za shaba. Anayetajwa kuanzisha uchongaji wa vinyago vya kuuza ni Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos. Wakati wa vita alifika Tanganyika, akajifunza kwa wachongaji wa huko, na aliporudi nyumbani ndugu na majirani wakaiga kazi yake.

Ujuzi huo ulikuja pamoja na mti wake, mpingo. Ni mgumu, huzama majini, na weusi wake hauhitaji rangi: msasa na nta vyatosha.

Watalii walipoongezeka, wanyama wakashika soko. Simba, faru, hata vijiko vya saladi vyenye vichwa vya swala. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba wa Mombasa wakaunda ushirika wao, na karakana zao ziko Changamwe hadi leo. Mti uliotumika sana ukawa muhugu, wenye rangi ya hudhurungi na harufu nzuri.

Mpangilio wa kazi haukubadilika sana. Gogo hukatwa kwa msumeno, tezo hutoa umbo, kisha patasi, kisu na tupa hufuata. Twiga hulazwa kwenye gogo ili nyuzi za mti zishuke sambamba na miguu. Zikipita kwa kukingama, mguu hukatika kwa pigo dogo. Fundi mwangalifu hauondoi mapema mti ulio katikati ya miguu, kwa kuwa ndio unaoishikilia wakati shingo inapigwa tezo. Ufa mdogo huzibwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mti uleule, na baada ya msasa kiraka hakionekani kwa urahisi. Kupiga msasa mara nyingi ni kazi ya watu wengine, wanaolipwa kwa idadi ya vinyago.

Miti myeupe kama jakaranda ilileta mbinu nyingine. Madoa ya twiga na chui huchomwa kwa chuma cha moto, na rangi nyeusi ya viatu humgeuza tembo wa mti wa bei nafuu kuwa “mpingo”. Mnunuzi mzoefu hukwaruza chini ya unyayo kabla ya kutoa pesa.

Kufikia miaka ya 1990 muhugu, unaokua polepole mno, ulikuwa umeadimika misituni. Watafiti wa mazingira wakawahimiza wachongaji wahamie mwarobaini, uliojaa mashambani Pwani na kukomaa haraka. Mwaka 2005 mbao za mwarobaini kutoka kwa wakulima wa Pwani zikapata cheti cha FSC, kinachothibitisha kuwa mbao zimetoka kwenye miti inayosimamiwa vizuri. Lakini mwarobaini mbichi hupasuka ukikaushwa kwa pupa, kwa hiyo kinyago hukaushwa polepole, mbali na jua, na msasa wa mwisho husubiri hadi maji yatoke.