Nyumba ya Urithi Haiuzwi kwa Pupa

Ndugu msomaji, pita leo katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, toka Shangani hadi Malindi, uihesabu milango iliyokuwa ya majumba ya watu na sasa ni ya mahoteli. Utachoka kabla hujamaliza. Yametokeaje haya?

Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilizitwaa nyumba nyingi za mji, wakatiwa humo wapangaji kwa kodi ndogo. Kodi hiyo haikutosha matengenezo. Nawe waijua nyumba ya mawe: kuta zake ni matumbawe na chokaa, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja, boriti huoza, ukuta hufunguka, na mwisho wake ni kifusi. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuuhifadhi mji. Biashara ikafunguliwa, nyumba kadhaa za Serikali zikauzwa kwa watu binafsi, na mwaka 2000 UNESCO ikautia mji katika Urithi wa Dunia. Magofu yaliyokosa mnunuzi yakawa yanagombewa.

Tuseme haki: wenye mitaji wameziokoa nyumba zilizokuwa zikianguka, na kuuza na kununua ni halali. Lakini wenyeji wakihama, baraza hubaki bila ya watu, na safu ya Alfajiri katika msikiti wa mtaa hupungua.

Sheria yetu ina kinga mbili. Ya kwanza ni wakfu: nyumba iliyowekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi. Ya pili ni shufa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu wa pwani, mshirika katika mali isiyogawanywa aweza, kwa masharti yake, kuichukua kwa bei ile ile sehemu ambayo mwenziwe amemuuzia mgeni, maadamu hakuchelewa kudai. Mahanafi wamempa haki hiyo hata jirani.

Basi ewe mrithi, dalali akibisha hodi, usimjibu peke yako. Kaeni warithi wote, na dada zenu msiwaache nje, muulizeni kadhi, tazameni kama kupangisha ghorofa moja kutalipia dari. Nawe mnunuzi, kabla ya kuuliza bei, uliza ni nani anaishi humo na atahamia wapi.

Bei hulipwa mara moja, ikaliwa, ikesha. Ujirani uliojengwa kwa vizazi haupatikani tena sokoni.