Malungu ya Ufipa, Makerere na Wangechi Mutu

Makala nyingi za sanaa ya Afrika Mashariki huanzia mwaka 1937, Margaret Trowell alipoanza kufundisha uchoraji katika chuo cha Makerere, Uganda. Tukiikubali hesabu hiyo, msanii Wangechi Mutu, ambaye huchora, huchonga na kutengeneza filamu, atakuwa zao la vyuo vya ng'ambo tu. Kwa mtu wa Ufipa, mkoani Rukwa, Tanzania, hoja hiyo haisimami. Mwaka huohuo wa 1937, toleo la 4 la jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya R. C. Greig kuhusu uyeyushaji wa chuma Ufipa, ufundi uliokuwapo kabla ya darasa hilo.

 Lililopuuzwa katika hesabu hiyo ni malungu, matanuru ya Wafipa ya kuyeyushia chuma. Askofu Adolphe Lechaptois alikwisha kuandika kuhusu Wafipa mwaka 1913, na mwaka 1914 Padri Wyckaert akachapisha katika jarida la Anthropos makala kuhusu wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo. Wanaakiolojia wameyachambua sana maandishi hayo. Wanahistoria wa sanaa ni nadra kuyafungua.

Ilungu ni tanuru la udongo lenye urefu wa mita 3 hivi. Hewa iliingia yenyewe kwa mabomba ya udongo yaliyopangwa chini, bila mivukuto. Mivukuto ilihitajika katika hatua ya pili, kwenye tanuru dogo liitwalo kintengwe, ambamo chuma kilisafishwa kabla ya kufuliwa majembe. Ilungu jipya lilitendewa kama bibi arusi. Fundi mkuu alikuwa na kapu lake la dawa, na kazi ikiendelea mafundi walijitenga na wake zao. Ufinyanzi, moto, tiba na miiko ya unyumba vilikuwa kazi moja ya watu walewale.

Wapo wanaosema dawa na miiko vilikuwa ushirikina uliobandikwa juu ya ufundi. Hao hawajajiuliza kwa nini fundi aliyejua kuongoza hewa bila mivukuto apoteze siku zake kwa mambo yasiyo na maana kwake. Nawasikiliza zaidi Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, na Randi Barndon, aliyechunguza uyeyushaji wa Wafipa na Wapangwa. Wote wawili hawakulitenga tanuru na fikra za watu waliolijenga.

Sasa turudi kwa Mutu. Alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akasoma Marekani katika vyuo vya Cooper Union, kisha Yale, alikopata shahada ya uzamili ya uchongaji mwaka 2000. Vyuo hivyo vilimpa mengi, na hilo halina ubishi. Lakini zitazameni kazi zenyewe. Mwaka 2013 alitoa filamu ya katuni, The End of eating Everything. Mwaka uliofuata maonyesho yake ya London yaliitwa Nguva na Nyoka. Mwaka 2019 sanamu zake nne za shaba, wanawake walioketi, ziliwekwa kwenye uso wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, katika vishubaka vilivyokaa vitupu tangu 1902. Mwaka 2021 alitoa My Cave Call, filamu iliyopigwa katika mapango ya Suswa, Kenya. Katika sanamu zake nyingi ametumia udongo mwekundu wa Kenya, na umbo analolirudia ni la mwanamke mwenye nguvu zinazotisha na kuzaa.

Sidai kwamba Mutu aliiga malungu. Ninachodai ni kwamba kuunganisha udongo, mwili na ibada katika kazi moja hakukuanzia Yale wala Makerere. Watu wetu walikuwa wakifanya hivyo kabla shule ya sanaa haijafunguliwa popote katika eneo hili. Mwaka 1937 ni mwanzo wa kufundisha sanaa darasani, basi.

Majembe ya madukani yaliyazima malungu, na yaliyobaki Nkasi na Sumbawanga yanamomonyoka kwa mvua. Walimu wa sanaa wa Rukwa, wapelekeni wanafunzi wakayapime, wakayachore na kuyapiga filamu. Nanyi mnaolima kando yake, yaacheni yasimame.