Uto, Samli na Nazi

Zamani, kabla mafuta ya viwandani hayajaenea, bibi wa Lamu au Unguja aliyekosa samli, ile iliyoletwa kwa majahazi kutoka pwani ya Banadiri, hakuahirisha karamu yake, bali alikuna nazi, akakamua tui zito na kulichemsha taratibu hata mafuta yakajitenga, au alituma mtoto kwenye shinikizo, ambako ngamia aliyefungwa macho alizunguka kutwa akikamua uto wa ufuta. Ufuta huo ulikuwa bidhaa adhimu, na katika karne ya 19 Wafaransa waliununua wakaupeleka Marseille. Kwa rai yangu, uto ulifaa samaki. Lakini kwa wali, nazi pekee ndiyo iliyostahiki kushika mahali pa samli.