Pawa saplai ya kompyuta: Ibadilishwe au iachwe?

Wenye vituo vya intaneti, makarani wa vyama vya akiba na walimu wakuu katika maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet hukabiliwa na swali lile lile kila kompyuta ya mezani inapoanza kuzimika yenyewe: je, fundi anayependekeza pawa saplai mpya, tena kubwa zaidi, anaeleza ukweli au anatafuta soko?

Swali hilo si dogo. Kompyuta moja mjini Litein au Sotik aghalabu ndiyo iliyohifadhi hesabu za wanachama, na ndiyo inayotumiwa na wakazi kuomba vyeti kupitia eCitizen, kuwasilisha ushuru kwa KRA na kutuma maombi ya mikopo ya HELB. Ikiungua siku ya mwisho ya maombi, hasara haiishii kwa mwenye duka.

Pawa saplai ni kile kisanduku cha chuma chenye feni, kilichofungwa nyuma ya kompyuta, ambapo waya wa umeme huchomekwa. Huupokea umeme wa volti 240 na kuugeuza kuwa umeme mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3, ambao ndio unaotumiwa na prosesa, diski na vifaa vinginevyo. Kisanduku hicho kikiharibika kimya kimya, hufa chenyewe tu. Kikiharibika vibaya, huweza kufa pamoja na ubao mkuu na diski iliyobeba kumbukumbu zote.

Wengi hudhani kwamba pawa saplai ya wati 600 hula wati 600. Sivyo. Hutoa kiasi kile tu ambacho kompyuta inahitaji, na kiasi hicho ni kidogo. Kompyuta ya kawaida ya ofisini, yenye prosesa ya wati 65 na diski moja, ni nadra kupita wati 150 hata inapofanya kazi kwa nguvu zote. Kwa hiyo zile kompyuta zilizotumika Ulaya na Marekani, zinazouzwa kwa wingi nchini zikiwa na pawa saplai za wati 240 hivi, hazina haja ya kuongezewa nguvu kwa ajili ya kuchapa barua na kufungua tovuti.

Hali hubadilika mtu anapoongeza kadi ya michoro, mathalani kwa kuhariri video za harusi. Kadi kama GT 1030 hutumia wati 30 tu na haisumbui. RTX 3060 hutumia wati 170, na mtengenezaji hupendekeza pawa saplai ya wati 550. Hapo hakuna mjadala.

Hata hivyo, katika ukanda huu adui mkubwa si upungufu wa wati bali ni umeme wenyewe. Kericho husifika kwa radi na mvua ya mawe ya alasiri. Mti ukiangukia nyaya, umeme hupotea. Kinu cha kusaga mahindi au mashine ya kuchomelea vyuma ikiwashwa jirani, taa hufifia. Makampuni makubwa ya chai yana mitambo yao ya umeme, lakini mwenye duka hana. Aidha, zipo siku ambazo nchi nzima huathirika, kama Juni 7, 2016, tumbili alipoangukia transfoma katika kituo cha Gitaru. Umeme unaporejea baada ya kukatika huweza kuja kwa kishindo, na ni busara kuchomoa kompyuta hadi utulie.

Hapa ndipo ubora unapoushinda ukubwa. Pawa saplai iliyoandikwa kwamba hupokea volti 100 hadi 240 huvumilia umeme uliofifia kuliko ile ya volti 200 hadi 240. Zipo pia za zamani zenye swichi ndogo nyekundu ya kuchagua 115 au 230; iliyotoka Marekani ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa hapa, hulipuka papo hapo. Ni ajabu kwamba kosa hilo bado hutokea.

Mnunuzi asiamini namba kubwa iliyobandikwa ubavuni. Atazame safu ya volti 12 na kuzidisha kwa ampea zake. Kisanduku kinachodai wati 500 ilhali safu hiyo ina ampea 16 hutoa wati 192 tu kwenye safu hiyo inayobeba mzigo mkubwa. Pia ahakikishe plagi zinaoana, kwa maana Dell na HP wana miundo yao ambayo haikubali pawa saplai ya kawaida ya ATX.

Je, nafuu ya bili ipo? Ipo, lakini haitoshi kuwa sababu. Kompyuta inayohitaji wati 80 huvuta wati 114 kupitia pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 70, na wati 94 kupitia ya asilimia 85. Kwa saa kumi kwa siku, siku 26, hiyo ni takriban yuniti tano kwa mwezi.

Kwa kituo cha kawaida, basi, fedha zifaazo kutumiwa kwanza ni za UPS na za kumlipa fundi wa umeme akague waya wa athi, kwani kizuia-mshtuko kwenye soketi isiyo na athi hupoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Pawa saplai ibadilishwe ikiwa inanuka kuungua, inavuma isivyo kawaida, au volti 12 imeshuka chini ya 11.4. Isifunguliwe na asiye fundi, kwa kuwa kapasita zake hubaki na umeme wa kumdhuru mtu hata baada ya kuchomolewa. Na kabla ya kompyuta kupelekwa kwa fundi, ikiwa bado inawaka, kumbukumbu zake zinakiliwe kwenye diski ya nje.